Shule Isiyo na Kengele

3 Agosti

AMEITWA, Dada! Bobini ameitwa! Geti Jekundu wameleta barua yenye muhuri, jina lake lote limeandikwa juu, aende kusailiwa tarehe ishirini na tisa saa tatu asubuhi!

Haya, sasa nipumue nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo Dada yangu? Mgongo unaendeleaje? Na yule msimamizi wenu wa chumba cha kufulia, bado anawanunia? Sisi huku wote wazima. Shemeji yako anahangaika na mabomba ya watu kama kawaida, anarudi amelowa mpaka soksi. Mama mkwe kikohozi kimemwachia. Mimi niko na cherehani yangu, nyonga tu ndiyo inalalamika, nayo nimeizoea.

Sasa sikiliza. Geti Jekundu ndiyo ile chekechea niliyokuambia, ninayoishonea sare mwaka wa nne huu. Shati jeupe, kaptula nyekundu, nembo kifuani. Watoto wakipita barabarani asubuhi watu wanageuka kuwaangalia, na mimi nasimama mlangoni nasema moyoni, mishono yote ile imepita mkononi mwangu. Halafu wangu avae sare ya shule nyingine? Haiwezekani. Kwa hiyo usinicheke: sare yake nimeshaishona. Kaptula nimeikata kubwa aivae miaka mitatu, pindo nimekunja mara mbili. Imetundikwa kwenye msumari, kila mteja anayeingia namwonyesha.

Usaili wao ni maswali kumi. Mteja wangu mmoja, mwanawe alipita mwaka jana, akanitajia yote nikaandika nyuma ya kalenda. Bobini nimemfundisha wiki mbili. Anakaa kwenye kigoda mbele yangu, mimi nashona, nauliza, anajibu. Jina lako nani? Una miaka mingapi? Nani amekuleta leo? Hii rangi gani? Mpaka la kumi. Hakosei hata moja! Miaka minne na nusu, Dada. Nani katika ukoo wetu alikuwa na kichwa kama hicho?

Halafu mtulivu. Ukimkuta na kopo lake la vifungo unaweza kumwita mara tano hageuki, amezama. Mtoto wa kufikiri sana. Na redio anaipenda mpaka analaza shavu juu ya spika.

Shemeji yako, maskini, eti tumpeleke kwa Mwalimu Ndala. Huyo ni mama mmoja anafundisha kwenye chumba kilichopakana na karakana ya seremala, ukuta mmoja! Anaingia darasani na ndala. Watoto kumi na mmoja wanakaa kwenye mikeka, msumeno unalia kutwa. Hata kengele hawana! Nikamwambia Baba Bobini, mume wangu, wewe shughulika na mabomba.

Tuombee.

Mdogo wako, Mama Bobini

17 Agosti

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mgongo ni uleule. Msimamizi kahamishwa, aliyekuja ni mwanamke, naye ananuna lakini kwa zamu. Tumeletewa mashine mpya ya kukausha, kubwa kama chumba chako, inanguruma mpaka sakafu inatetemeka. Wenzangu wanaumwa kichwa. Mimi hainisumbui.

Nimefurahi mtoto ameitwa. Mwambie Mama Mkubwa wake anampongeza. Picha uliyotuma nimeibandika juu ya pasi yangu, wote wanamwona, na wote wamesema ana macho makali. Ni kweli. Anamtazama mpiga picha mdomoni.

Nina swali moja. Unasema unamwita mara tano hageuki. Unamwita ukiwa wapi? Mbele yake au nyuma yake?

Fanya hivi. Siku moja simamisha cherehani, zima redio. Simama nyuma yake, asikuone wala asione kivuli chako, usikanyage ubao unaotikisika. Mwite mara tatu kwa sauti yako ya kawaida. Kisha niandikie.

Usinipigie simu. Unajua simu na mimi hatujawahi kupatana.

Dada yako

2 Septemba

Dada yangu wa pekee,

Usaili umepita! Ungemwona, ungelia. Nywele nilimkata mwenyewe, mafuta nilimpaka mpaka magoti yanang'aa. Sare sikumvalisha, nilisema tusionekane tuna haraka, lakini niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, huwezi kujua. Nilimshonea shati la samawati lenye kola ya kusimama, na mama mmoja pale kwenye benchi, mke wa daktari wa meno, akaniuliza nimelinunua duka gani. Nikamwambia duka la mikono yangu. Akaishika kola akaigeuza kuangalia mshono!

Watoto wengine walikuwa wanalia, mmoja kamng'ang'ania baba yake miguuni kama gundi. Wangu aliingia kifua mbele. Maswali yote kumi aliyajibu, Dada. Yote! Kwa sauti, bila kutetemeka. Mwalimu mmoja alifurahi mpaka akafunika mdomo.

Pale kuna bembea tatu, ukuta umechorwa wanyama, choo cha watoto kina vigae. Na kengele ya shaba, ikipigwa inasikika mpaka kwangu.

Mama mkwe anakusalimu. Baba Bobini anauliza kama sabuni za hoteli mnaruhusiwa kuchukua vipande.

Lile swali lako nitalijibu nikipata nafasi. Nina sare arobaini mezani, za Geti Jekundu hizohizo, na vifungo sijaanza.

Mdogo wako anayekupenda, Mama Bobini

12 Septemba

Mdogo wangu,

Umeniandikia ukurasa mzima wa kola, bembea na vigae. Hujaandika kama wamemchukua.

Hujaandika pia kama ulisimama nyuma yake.

Sabuni haturuhusiwi.

Dada yako

25 Oktoba

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Nilianza barua nne, zote nimezikata patoni, vipimo vya kukatia mifuko. Wote wazima. Wazima wa kula na kulala, maana yangu.

Hawakumchukua.

Alijibu yote kumi, hapo sikukudanganya. Lakini yule mwalimu hakuanza na swali la kwanza. Alichukua penseli ya kijani akauliza, "Hii rangi gani?" Bobini akanyoosha mgongo, akataja jina lake kamili. Mwalimu akacheka kidogo, akauliza, "Na hili tunda unalijua?" Bobini: "Miaka minne na nusu." "Nani kakufundisha kuhesabu?" "Mama na Baba." "Mama anafanya kazi gani?" "Kijani!" Akaendelea hivyohivyo mpaka la kumi, Dada, kwa adabu, kwa sauti, mikono mgongoni kama nilivyomfundisha. Alipomaliza akanigeukia akatabasamu, akingoja nimpigie makofi. Nikampigia. Ningefanya nini?

Mwalimu Mkuu akaniita pembeni. "Mama, wewe ni mtu wetu, nakuambia ukweli. Mtoto anakariri tu, haelewi. Mrudishe mwakani, akili itakuwa imepevuka." Akili! Nikamwambia asante. Nilipofika nyumbani nikaketi nikashona sare arobaini nimekaza meno, na nembo zao nimezinyoosha sawasawa, wasije wakasema.

Nilimfundisha upya. Nikachanganya maswali, akajibu vilevile kwa mpangilio. Nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea, na alinitazama mdomo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Halafu wiki iliyopita uzi ulikatika. Nilikuwa katikati ya pindo, cherehani ikasimama, sikuwa nimeuliza kitu, nilikuwa natafuta tundu la sindano. Bobini akasema, "Naitwa..." akataja jina. Nikamwangalia. Nikakanyaga tena, nikasimamisha. "Miaka minne na nusu." Nikakanyaga, nikasimamisha. "Mama na Baba." Dada, nilisimamisha mara kumi, sikufungua mdomo hata mara moja, na alinipa majibu yote kumi. Mimi kumbe kila nikiuliza nasimamisha gurudumu kwa mkono. Wiki zote zile mtoto hakuwa anasikiliza swali. Alikuwa anaangalia mkono wangu.

Nikainuka. Nikazima redio. Nikasimama nyuma yake penye simenti, nikamwita mara tatu. Hakugeuka. Mara ya nne nikaita kwa nguvu, akaitika jirani wa ng'ambo ya ukuta: "Abee!" Bobini alikuwa anapanga vifungo kwa rangi. Vya kijani vyote upande mmoja, Dada. Rangi anazijua.

Sasa nikuambie lililonifanya nisikujibu tangu Agosti. Swali lako nililielewa siku ileile. Sikutaka kulifanya kwa sababu najua mtoto asiyegeuka anakuwaje. Nilikua naye kitanda kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa natembea upande wako wa kushoto. Mimi ndiye niliyekuvuta gauni Mama akiita. Na siku mwalimu alipokuja nyumbani kusema una jeuri, unaulizwa hujibu, Mama aliniuliza mimi, "Dada yako anasikia?" Nikasema, "Anasikia Mama, ni jeuri tu."

Ulikuwa umeninyima viatu vyako vyeupe asubuhi ile. Ni hivyo tu. Nilikuwa na miaka sita, hilo silisemi kujitetea. Muhula uliofuata hukurudi shule. Miaka yote hii sijui kama unajua.

Sijui nikuage vipi.

Mama Bobini

20 Novemba

Mdogo wangu,

Nimechelewa. Barua yako niliisoma kazini, nikaunguza shuka la chumba cha bei kubwa. Alama ya pasi kamili, katikati. Yule mama mpya akaja, akaniangalia usoni, akalikunja shuka mwenyewe akalitupa kwenye matambara bila kuandika popote. Kwa hiyo na yeye ana moyo.

Najua.

Nilikuwa mlangoni. Sikusikia ulichosema, ningesikiaje, lakini niliuona mdomo wako. Wakati huo nilikuwa naisoma midomo ya nyumba nzima na hakuna aliyejua. Niliona "anasikia". Niliona "jeuri". Nikaenda nikavichukua vile viatu nikavitupa chooni, ndiyo maana havikuonekana. Mama alimpiga kaka yetu kwa ajili ya viatu vile. Hilo nalo mimi sijawahi kulisema, umelisikia leo.

Nilikukasirikia muda mrefu, na nilipoondoka nyumbani kuja huku mbali niliondoka na hasira hiyo. Baadaye ikabadilika. Ulikuwa mtoto. Walionichoma ni mwalimu na Mama, Mungu amrehemu: watu wazima wawili walisimama sebuleni wakamuuliza mtoto wa miaka sita habari za masikio yangu, na mimi niko pale mlangoni, hatua tatu. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Sasa mtoto. Usimfokee tena. Usiseme naye ukiwa umebana pini mdomoni, najua tabia yako. Kaa chini usawa wake, ngoja akuangalie, ndipo useme. Mpeleke hospitali wakampime masikio, na daktari akiuliza kitu kuhusu mtoto, mwanao naye aulizwe. Usijibu wewe peke yako kwa sababu una mdomo mwepesi.

Huku kwenye mashine hakuna anayesikia. Tunasemeshana kwa mikono, toka asubuhi hadi jioni, na umbea wote unafika. Siku ya kwanza kazini hapa nilidhani nimekufa nimeenda peponi.

Dada yako

1 Desemba

Dada yangu,

Nimelia, nimecheka, nimelia. Chooni! Na kaka yetu hadi leo anasema alipigwa kwa kosa la mbwa. Nimwambie? Sijamwambia.

Pini mdomoni nimeacha. Nimejishonea kimto kidogo cha kuzichomeka, nakifunga kwenye mkono kama saa, wateja watatu wameshanitaka niwashonee.

Hospitali tumekwenda. Walimweka kwenye chumba kidogo, wakamvalisha vitu masikioni, wakamwambia akisikia mlio atie kifungo kwenye kopo. Vifungo! Nikamwambia daktari, mmempata fundi. Lakini kopo lilikaa tupu muda mrefu, Dada. Niliona mikono yake imeshika kifungo, inangoja. Ilingoja. Nikatamani kukitia mimi.

Daktari anasema sikio la kushoto linasikia kidogo sana na litabaki hivyo. La kulia lina maji nyuma ya ngoma ya sikio, hayo yanatibika, linaweza kurudi karibu lote. Kifaa cha kusikilizia tumewekwa kwenye foleni. Nikamuuliza Bobini mbele ya daktari, kama ulivyosema, nimechuchumaa, ananiangalia: "Unasikia vizuri?" Akafikiri. Akasema, "Nasikia ukiwa hapa." Akanigusa shavu.

Sasa kuna jambo. Mwalimu Mkuu wa Geti Jekundu kaja mwenyewe kwangu, na viatu vyake virefu, kaketi juu ya mfuko wa vipande. Anataka sare za mwakani ziwahi. Akasema nafasi moja imepatikana, wamefikiria, mimi ni mtu wao, Bobini aje. Dada, moyo uliruka! Sare iko pale msumarini inatuangalia. Akatoa fomu. Nikamweleza habari ya masikio, kila kitu. Akasema kwa sauti ya chini, "Hapo panapouliza kama mtoto ana tatizo lolote, wewe piga mstari tu. Wazazi wengine wasije wakaanza maneno. Tutajua wenyewe." Darasa lao lina watoto thelathini na nane, wanakaa kwa kufuata orodha.

Fomu iko chini ya mkasi mkubwa. Nimejaza mistari yote isipokuwa huo. Baba Bobini akipita anaisoma, kisha anairudisha chini ya mkasi vilevile. Wewe niambie, Dada. Utakalosema nitafanya. Naapa.

Mdogo wako

10 Desemba

Mdogo wangu,

Usiniapie. Sisemi.

Juzi uliniuliza mimi na mimi ni mtu mzima. Umesahau mapema hivyo nani wa kuulizwa?

Mpeleke kote kuwili. Geti Jekundu, na kwa huyo mwenye ndala. Saa moja moja. Kaa nyuma, funga mdomo, usiangalie geti wala vigae. Mwangalie yeye.

Na kuhusu kupiga mstari: mimi nilipigiwa.

Dada yako

22 Desemba

Dada yangu mkubwa, Mama Mkubwa wa Bobini,

Ketisha mgongo wako uisome hii polepole. Wote wazima, mama mkwe anatuma busu, haya, twende.

Nilianza na Geti Jekundu kwa sababu ndiyo nilikuwa naitaka, sitakuficha. Wamefunga lakini wana kambi ya likizo, darasa limejaa. Wakamketisha safu ya tano karibu na dirisha. Mwalimu ni msichana mzuri, mchangamfu, anaandika ubaoni huku anasema, mgongo kwetu. Bobini akamwangalia kidogo. Kisha akawaangalia wenzake. Wakisimama, anasimama, amechelewa kidogo. Wakikaa, anakaa. Wakicheka, anacheka wa mwisho. Nilihesabu. Kila kitu alikuwa wa mwisho, na usoni amevaa lile tabasamu alilonipa siku ya usaili. Kengele ya shaba ikalia, ile ninayojivunia kuwa inafika kwangu. Wote wakakimbilia bembea. Yeye akabaki kwenye kiti, anageuza kifungo cha shati, hajui wamekwenda wapi. Mwalimu hakumwona. Dada, nilimwona yeye, nikakuona na wewe.

Siku ya pili tukaenda kwa Mwalimu Ndala. Na yeye anao watoto likizo, wazazi wao wako kazini. Kwanza nikuambie, kelele! Seremala ana msumeno wa umeme, na ukuta ni mmoja kweli, sikutia chumvi. Ukiwaka huwezi kusikia hata mawazo yako. Nikakaa nyuma kwenye kigoda, mdomo nimeufunga, sijawahi kuteseka vile.

Mama yule ni mfupi, nywele nusu nyeupe, na ndala zake ni za rangi mbili tofauti. Alimwendea Bobini akachuchumaa, hakusema kitu. Akangoja. Bobini alipoinua macho ndipo akamwambia, "Karibu. Kaa popote unaponiona." Watoto wanakaa duara, Dada, kila mtu anaona uso wa kila mtu. Nikafikiri wamefanya hivyo kwa sababu hawana madawati, na kweli hawana.

Halafu msumeno ukawaka. Nikasema, haya, somo limekwisha. Kumbe! Mwalimu Ndala hakupaza sauti hata kidogo. Alichomoa kitambaa chekundu mkandani, kimechakaa, kimefifia kama kitambara cha kufutia mashine, akakiinua juu. Basi. Watoto wote wakaacha walichokuwa wanafanya wakamwangalia. Akaonyesha vidole vinne, wakakaa vikundi vya wanne. Akaonyesha mviringo, wakatafuta vitu vya mviringo. Amefundisha miaka kumi na miwili na msumeno ule. Akaniambia baadaye, "Mwanzoni nilikuwa nalia. Nilinunua kengele, ikawa bure. Nikajifunza kuwafundisha kwa macho, mama, ningefanya nini?"

Na sasa nikuambie, na hapa uniruhusu nijisifu, maana miezi minne nimejisifu kwa uongo. Mara ya pili kitambaa kilipoinuka, nani aliinua kichwa wa kwanza? Kati ya watoto wote kumi na wawili? Bobini! Mara ya tatu? Bobini! Wa kwanza, Dada, kabla hata mkono wa mwalimu haujanyooka! Mtoto mmoja mwenye pengo akamuuliza mwalimu kwa ishara, huyu mpya anajuaje? Mwalimu akajibu kwa ishara, ana macho. Nilitoka nje nikapenga kamasi kwenye maranda ya seremala.

Tukiwa njiani nikasimama, nikachuchumaa barabarani, watu wanapita, nikangoja aniangalie. Nikamuuliza, wapi? Akasema, "Kwa yule wa kitambaa." Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama vile mimi ndiye nisiyesikia. "Pale naona."

Fomu nimemrudishia Mwalimu Mkuu. Ule mstari nimeujaza, kwa kalamu nyekundu: hasikii kushoto, kulia anatibiwa, akili anayo. Nikamwambia si kwa ajili ya kuingia, ni kwa ajili ya watoto thelathini na nane mlionao, kama kuna mwingine anayecheka wa mwisho. Aliwaka, akanuna. Lakini oda ya sare kaleta, atampelekea nani, nani mwingine ana mkono huu?

Na ile kaptula niliyoikata kubwa ya miaka mitatu? Nimeifumua. Imetoa kitambaa kizuri ajabu, kipana, chekundu cha kweli, kisichochuja. Nimekizungushia pindo mara mbili, kona nimeweka kishikizo cha kuning'iniza. Mwalimu Ndala alikigeuza akakigeuza, akakiinua juu darasani kukijaribu, na watoto wote wakanyamaza wakati hata msumeno ulikuwa umezimwa. Sijawahi kushona kitu kikaonekana vile.

Lililobaki ni wewe. Najua hujakanyaga huku tangu tumzike Mama, na sikuulizi kwa nini, maana naanza kujua. Lakini Bobini nimemwonyesha picha yako nikamweleza Mama Mkubwa wake naye husikia kwa macho. Akauliza swali moja tu: upande gani? Nikamwambia kushoto hasikii kabisa, kulia kidogo tu. Akasema basi yeye atatembea upande huo. Nikamwambia na yeye kushoto ndiko asikosikia. Amekaa anawaza hilo tangu jana na vifungo viwili mkononi, na nadhani mtalimaliza wenyewe mkikutana.

Kaka yetu anakuja, nimemwita, na habari ya viatu utamwambia mwenyewe mezani. Mama mkwe yuko. Baba Bobini amekataa kazi siku hiyo, na unamjua. Seremala kasikia unakuja, kasema kwa heshima yako atazima msumeno nusu saa. Nimemwambia asithubutu.

Wewe njoo mapema ulale kwangu, kitanda kimoja kama zamani, kushoto nitalala mimi. Wengine wote wajikute mlangoni kwa Mwalimu Ndala siku ya kwanza ya shule: Jumatatu, tarehe nane Januari, saa mbili kamili asubuhi.